Jiliwa la mashine ya milingi halikai sawa: nianzie wapi kulinyoosha?

FundiKihonda, Morogoro

Salaam kwenu mafundi wenzangu. Karakana yangu ni chumba kimoja nyuma ya nyumba, ambamo natengeneza vishikio vya beringi na bamba za mashine za kupukuchua mahindi. Miezi michache iliyopita nilinunua mashine ndogo ya milingi iliyokwisha kutumika, ya kusimama juu ya benchi, ambayo kichwa chake kinaweza kuinamishwa kushoto na kulia. Ilikuja na jiliwa, yaani kibanio cha kushikia kipande kinachochongwa, lenye mataya ya upana wa milimita 100, lililofungwa juu ya sahani ya kuzungushia yenye alama za digrii.

Nimechonga kipande cha majaribio cha chuma laini, urefu milimita 100, upana 50 na unene 40, nikapata makosa matatu. Kwanza, mfereji niliouchonga kwa urefu wa kipande umepinda kwa milimita 0.28 kutoka mwanzo hadi mwisho, ukilinganisha na ubavu uliokuwa umeegemea taya lisilosogea. Pili, unene haulingani: upande uliokuwa karibu na taya linalosogea ni mwembamba kwa milimita 0.09 kuliko upande wa pili. Tatu, nikiweka skwea kati ya uso wa juu na ubavu, naona mwanga ukipenya.

Jiliwa nililinyoosha kwa kuegemeza skwea kwenye ukingo wa meza, kisha nikaweka alama ya sifuri ya sahani mahali pake. Vipimo nilivyonavyo ni dayo geji (kipimo cha mshale kinachoonyesha tofauti ndogo) ya mgawanyo wa milimita 0.01 pamoja na kishikio chake cha sumaku, maikromita ya 25 hadi 50, na skwea ya chuma. Fundi mmoja amenishauri nipeleke jiliwa likasagwe nyuso zote. Kabla ya kutoa fedha hizo, naomba kuuliza: kazi hii huanzia wapi, na nitajuaje kama kosa ni la jiliwa au ni la mashine yenyewe?

MwalimuWaKarakana

Ndugu FundiKihonda, umefanya vyema kuleta vipimo badala ya kusema tu kwamba kazi haitoki vizuri, maana vipimo vyako vitatu vinaonyesha makosa matatu tofauti, na kila kosa lina chanzo chake. Mfereji uliopinda unatokana na uelekeo wa taya tuli, yaani lile lisilosogea. Unene usiolingana, tena ukiwa mwembamba upande wa taya linalosogea, ni dalili ya kazi, yaani kipande kinachochongwa, kuinuka upande huo wakati wa kukaza. Pembe isiyo ya mraba yaweza kutoka kwenye taya au kwenye kichwa cha mashine. Ukilipeleka jiliwa likasagwe leo, kosa la kwanza litabaki vilevile, kwa sababu hakuna mashine ya kusaga inayoweza kurekebisha namna ulivyolifunga kwenye meza yako.

Anza na meza tupu. Fungua jiliwa lote, pamoja na ile sahani ya kuzungushia, na uiweke sahani kando kabisa. Digrii moja katika urefu wa milimita 100 ni tofauti ya milimita 1.75, ilhali kosa lako la 0.28 ni takriban sehemu moja ya sita ya digrii, kiasi ambacho jicho haliwezi kukisoma kwenye alama zile. Zaidi ya hayo, sahani hiyo inaongeza kimo na kuongeza nyuso mbili za kubeba uchafu, na mashine ndogo haina ugumu wa kupoteza. Futa meza kwa kitambaa safi, kisha pitisha kiganja chako taratibu, kwa kuwa kiganja huhisi nundu ambazo jicho halizioni. Kila nundu uiondoe kwa jiwe la kunolea lenye mafuta kidogo, likiwa limelala bapa, wala usitumie tupa. Fanya vivyo hivyo chini ya kitako cha jiliwa.

Meza ikiwa bado tupu, kagua kichwa. Funga dayo geji kwenye mkono ulioshikwa na spindo (mhimili unaozungusha chombo cha kukatia), uzungushe spindo kwa mkono, na usome kushoto, kulia, mbele na nyuma. Kwa kuwa ncha ya geji hudumbukia kwenye mifereji ya T, weka juu ya meza pete ya nje ya beringi kubwa ya gololi, yenye kipenyo cha milimita 150 hivi, ambayo utaipata kwa wauza vyuma chakavu; mimi yangu niliiokota Gerezani, Dar es Salaam. Nyuso mbili za pete hiyo zilisagwa zikiwa sambamba kwa usahihi ambao karakana zetu za nyumbani haziwezi kuufikia kwa njia nyingine rahisi. Tofauti ya kushoto na kulia uirekebishe kwa kuinamisha kichwa, na ukishakaza bolti zake usome tena, maana kichwa hujisogeza wakati wa kukaza. Tofauti ya mbele na nyuma kwa kawaida hairekebishiki kwenye mashine za aina yako bila kuweka shimu (kipande chembamba cha kujazia) chini ya nguzo, kwa hiyo kwa sasa iandike tu kwenye daftari, kwa kuwa utaihitaji baadaye.

Sasa rudisha jiliwa. Kabla ya kunyoosha taya, pima reli za ndani ambazo kazi huketi juu yake. Geji iwe imetulia kwenye kichwa, meza itembee kutoka mbele kwenda nyuma, na uandike jinsi reli inavyopanda au kushuka. Kisha geuza jiliwa nusu mzunguko, upime tena kwa mwendo uleule wa meza. Kosa la mashine halitageuka, lakini kosa la jiliwa litageuka pamoja na jiliwa lenyewe. Jumla ya masomo mawili ukiigawa kwa mbili ndiyo sehemu ya mashine, na tofauti yake ukiigawa kwa mbili ndiyo sehemu ya jiliwa. Hapo ndipo utakapojua kama kuna kitu cha kusagwa.

Mwisho nyoosha taya tuli, na hilo peke yake. Taya linalosogea lisiwe rejea yako kamwe, kwa sababu lina uhuru wa kuyumba. Funga loki ya mwendo wa mbele na nyuma, la sivyo meza itacheza kwenye njia zake na geji itakusomea mchezo huo. Kaza bolti moja barabara na nyingine kwa wastani. Weka ncha ya geji kwenye uso wa taya karibu na bolti iliyokazwa, iweke sifuri, tembeza meza hadi ncha ya pili, kisha gonga jiliwa kwa nyundo ya plastiki hadi mshale urudi sifuri. Rudi mwanzo, weka sifuri upya na urudie. Baada ya safari mbili au tatu hakutakuwa na cha kugonga. Kaza bolti zote mbili, ukague kwa mara ya mwisho. Ukipata 0.01 katika milimita 100, inatosha kwa vishikio vya beringi.

Nitaongeza jambo moja kuhusu geji zenye ncha ya kuinama. Zikiinama sana hazisomi kiasi halisi. Ncha ikiwa na pembe ya digrii 30 na uso unaopimwa, kosa la usomaji hukaribia asilimia 15. Katika kunyoosha hilo si tatizo, kwa kuwa sifuri haibadiliki kwa pembe yoyote, lakini unapoandika kiasi cha kosa, kama kwenye jaribio la kugeuza jiliwa, ilaze ncha iwe karibu sambamba na uso.

FundiMakupa, Mombasa

Ndugu yangu FundiKihonda, naunga mkono mpangilio wa Mwalimu, nami nitasema juu ya ile 0.09, kwa sababu kosa hilo limenisumbua zaidi ya mwaka mzima.

Skrubu ya jiliwa husukuma taya kutoka chini, ilhali kazi inabanwa juu. Kwa hiyo kila unapokaza, taya linalosogea hujaribu kulala nyuma na kuinuka, na kazi huinuka pamoja nalo kutoka kwenye vipande sambamba, yaani vyuma vya kimo sawa ulivyoiwekea chini. Kampuni ya Kurt ya Marekani ilijipatia jina kwa mtindo wake unaoitwa AngLock, ambamo kuna uso wa mshazari ndani ya taya unaoligeuza sehemu ya nguvu ya kukaza kuwa nguvu ya kulivuta taya kwenda chini. Majiliwa ya kawaida kama lako na langu hayana kitu hicho. Yana bamba dogo tu chini ya taya, lililofungwa kwa skrubu mbili, linalolizuia taya lisitoke kwenye reli.

Lifungue bamba hilo ulitazame. Langu lilikuwa na nafasi ya kutosha kuingiza karatasi mbili. Nililipunguza kimo cha mabega yake kidogo kidogo kwa kulisugua juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo kinene, nikilifunga na kujaribu kila baada ya misuguo michache, mpaka taya likawa linateleza kwa uzito unaohisika mkononi bila kukwama mahali popote. Usiharakishe hatua hiyo. Ukizidisha, taya litagoma katikati ya reli, na hapo itakubidi uweke shimu ili kurudisha ulichokiondoa.

Hata baada ya hapo, kazi ambayo bado haijachongwa pande zake isibanwe moja kwa moja na mataya mawili. Weka fimbo ya duara, ya kipenyo cha milimita 10 au 12, kati ya taya linalosogea na kazi, kwenye kimo cha katikati ya sehemu inayogusana na taya tuli. Fimbo hiyo inagusa kwa mstari mmoja tu, hivyo haiwezi kuipindua kazi, nayo kazi italala yote kwenye taya tuli. Kaza, gonga kazi kwa nyundo laini, kisha jaribu kuvuta vipande sambamba kwa vidole. Kimoja kikitembea, kazi haijaketi.

Kwa sisi tulio pwani kuna jambo la chumvi pia. Nililiacha jiliwa langu juu ya meza msimu mzima wa kusi bila kulifungua, na nilipolinyanyua nikakuta kutu imechora alama ya kitako chake kwenye meza. Kutu huvimba, na jiliwa lilikuwa limeinuka kona moja. Siku hizi nalifungua kila mwezi, napaka mafuta membamba sana, nafuta mpaka mkono usiyahisi, kisha nalirudisha.

FundiKihonda, Morogoro

Mwalimu, shikamoo, na FundiMakupa, nashukuru sana. Nimetumia siku mbili za mapumziko kufuata maelekezo yenu, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kichwa kilikuwa kimeinama kushoto na kulia kwa 0.09 katika kipenyo cha milimita 150. Sasa ni 0.01. Mbele na nyuma kuna 0.03 kwa kipenyo hichohicho, nami nimeiandika kama Mwalimu alivyosema. Reli za jiliwa, katika mwendo wa milimita 80 kutoka mbele kwenda nyuma, zilipanda kwa 0.05, nilipogeuza jiliwa zikashuka kwa 0.03. Kwa hesabu ya Mwalimu, mashine ina 0.01 na jiliwa lina 0.04. Nililipindua jiliwa, nikapaka wino wa bluu kwenye kioo na kukisugulia kitako, na nundu mbili zikajitokeza karibu na tundu la bolti. Baada ya kuzipitishia jiwe, sehemu ya jiliwa imeshuka hadi 0.015. Taya tuli nimelinyoosha na sasa halizidi 0.01 kwa urefu wake wote.

Jambo moja bado linanitatiza. Nilipoweka ncha ya geji kwenye uso wa taya tuli na kushusha spindo kwa mkono wa kutobolea kwa milimita 30, geji ilisoma 0.03, kana kwamba taya limelala nyuma kwa juu. Je, nimwamini taya au nimwamini spindo?

FitaArusha

Kaka FundiKihonda, usimwamini yeyote kati yao mpaka uwe na shahidi wa tatu, lakini tayari unacho kipimo kitakachokusaidia kukadiria. Kichwa chako kimeinama mbele na nyuma kwa 0.03 katika milimita 150, na spindo inaposhuka milimita 30 inafuata mwinamo huohuo, yaani 0.006 tu. Kwa hiyo mwinamo wa kichwa hauwezi kueleza 0.03 yote. Kinachobaki ni ama taya, ama ulegevu wa spindo katika ganda lake, ambao kwenye mashine iliyokwisha kutumika si jambo la kupuuza. Funga loki ya spindo nusu, iwe nzito kushuka, uone kama usomaji unabadilika.

Shahidi wa tatu ni pini ya pistoni ya lori. Omba ya zamani kwa mafundi wa injini, isiyo na alama ya kulika, kwa sababu ubavu wake umesagwa ukiwa duara na nyoofu. Laza kipande sambamba kipana juu ya reli za jiliwa, simamisha pini juu yake karibu na taya tuli, na upitishe geji kwenye ubavu wake kwa mwendo uleule wa milimita 30. Kisha zungusha pini nusu mzunguko mahali pale pale na upime tena. Ncha ya pini huenda si mraba kamili na ubavu wake, lakini wastani wa masomo mawili unalifuta kosa hilo. Wastani huo ndio mwinamo wa spindo dhidi ya reli za jiliwa. Uutoe kwenye usomaji wa taya, na kitakachobaki ni kosa la taya lenyewe.

Ukikuta taya lina kosa, usikimbilie shimu. Fungua bamba la taya, kwa kuwa nyuma yake ndiko hujificha chenga za chuma na rangi ya kiwandani, na chembe moja kwenye ukingo wa chini inatosha kulilaza bamba lote. Hapa natofautiana kidogo na mafundi wengi ninaowaheshimu, ambao huingiza kipande cha karatasi na kuendelea. Karatasi ya kawaida ya ofisini ina unene wa takriban 0.1, tena hunywea inapobanwa na inapolowa mafuta, hivyo taya ulilolinyoosha leo si lile utakalokuwa nalo mwezi ujao. Kama lazima uweke kitu, tumia karatasi ya alumini ya jikoni, ambayo ni nyembamba mara tano au zaidi na haina unyevu wa kunywa.

Ninalolipendelea ni kutengeneza mataya laini. Chonga mabamba mawili ya chuma laini, unene milimita 15 hivi, yafunge badala ya yale magumu, kisha pitisha endimili (kikatio cha milingi) kwenye uso wa taya tuli likiwa limefungwa mahali pake. Mwendo wenyewe wa meza ndio utakaolinyoosha kwa urefu. Kwa kimo, kumbuka kwamba endimili hupinda inaposukumwa na chuma, kwa hiyo pasi ya mwisho isiondoe zaidi ya 0.05, kisha uipitishe tena mara mbili bila kuongeza kina. Lakini fanya hivyo baada ya kuthibitisha spindo, la sivyo utachora kosa lake kwenye taya.

Pima pia jinsi taya tuli linavyosukumwa. Bandika sumaku kwenye meza, weka ncha nyuma ya taya tuli, na ukaze kazi. La jiliwa langu husogea 0.02 ninapokaza kwa nguvu zangu zote, na husogea kidogo sana ninapokaza kwa kiasi. Tangu nilipoona hivyo nakaza kwa mkono mmoja na kwa mpini uleule kila mara.

MwalimuWaKarakana

Nakubaliana na Dada FitaArusha kuhusu karatasi. Wanafunzi wangu niliwaruhusu kuitumia kwa jaribio la haraka tu, ili wajue shimu inahitajika upande gani: taya likilala nyuma kwa juu, shimu inaingia nyuma ya ukingo wa juu. Ikishathibitika, karatasi hutolewa na chanzo hutafutwa.

Nyongeza yangu ni kuhusu joto. Chini ya paa la bati saa nane mchana, kipande cha chuma cha milimita 100 kilichopata joto la nyuzi 10 zaidi ya asubuhi huwa kimerefuka kwa takriban milimita 0.012, ambayo ni zaidi ya kiwango unachokitafuta. Acha kipande kipoe kwenye meza ileile ya mashine kabla ya kukipima, na usipime kilichotoka kuchongwa sasa hivi.

FundiKihonda, Morogoro

Dada FitaArusha, pini nimeipata kwa fundi wa malori hapa Kihonda. Masomo mawili yalikuwa 0.011 na 0.001, wastani 0.006, sawasawa na ulivyokadiria. Kwa hiyo taya lenyewe lilikuwa na 0.024. Nilipofungua bamba nilikuta rangi ya kijani imeganda kwenye ukingo wa chini wa kiti chake, pamoja na chenga moja iliyojikunja kama uzi. Nimeikwangua rangi yote, nikapitisha jiwe, na kosa la taya limebaki 0.005 katika milimita 30. Bamba lililo chini ya taya linalosogea nalo nimelisugua kwa njia ya FundiMakupa.

Kipande kipya cha majaribio, cha vipimo vilevile, nilikibana kwa fimbo ya milimita 12 na kukipima asubuhi iliyofuata. Mfereji umepinda kwa 0.01 katika milimita 100, unene unatofautiana kwa 0.015, na skwea haionyeshi mwanga. Jiliwa sikulipeleka kusagwa. Mataya laini nitayachonga wiki ijayo, baada ya kukaza ule ulegevu wa spindo, ambao loki iliyofungwa nusu imeonyesha kuwa ni 0.004.